Kumkimbia Mkwe Hermosillo

Watu wa mtaani kwetu Utemini wakiniuliza Mexico kukoje, nawajibu kuna joto. Wanasubiri niendelee. Nikinyamaza wanaona naringa, eti yule mama tangu apande ndege hataki tena kusema na watu. Si maringo. Nusu ya safari ile niliiona kupitia upindo wa kanga niliyojifunika usoni, na nusu iliyobaki kila nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Utaanzaje kueleza jambo kama hilo dukani, mteja kashika kitenge mkononi, anataka tu kujua kama kule wanakula ugali?

Mji wenyewe unaitwa Hermosillo. Uko jangwani, kaskazini ya nchi ile, na bahari iko mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Binti yangu, na ndiye binti pekee niliyejaliwa, alikwenda huko kusomea kilimo cha nchi kavu, maana sisi wa Singida na ukame tunajuana. Tulitegemea atarudi na cheti. Akabaki na mume. Kijana wa hukohuko, fundi wa viyoyozi, akasilimu, na ndoa ikafungwa kwa simu, mume wangu akiwa amekaa sebuleni kwetu na shehe pembeni yake, wote wawili wamevaa kanzu kana kwamba bwana harusi yupo mlangoni.

Mume wangu alimpenda kijana yule. Kila Ijumaa walikuwa wanapigiana simu ya picha, hawaelewani hata neno, wanachekeana tu na kuoneshana dole gumba. Kisha kiharusi kikampiga mume wangu. Upande wa kulia wote ukalala, maneno yakawa yanatoka mojamoja. Haikupita miezi mingi binti akatuambia ni mjamzito. Siku hiyo mzee alinivuta kwa mkono wake mzima akasema, "Nataka nimshike." Hakusema anataka kumwona, kumwona angemwona kwenye simu. Na daktari alikuwa ameshatuambia kwamba habari za ndege asahau. Kwa hiyo nilipofungashwa kwenda Mexico nilitumwa mambo mawili: kumwangalia mwanangu kwenye uzazi, na kurudi na neno la baba wa mtoto kwamba mtoto akipata nguvu ataletwa Singida. Bila ridhaa ya baba yake mtoto asingevuka mpaka, hilo nililijua tangu nyumbani.

Sasa, mimi ni Mnyaturu wa kijijini Mungaa. Nimeolewa mjini, kwa watu wa biashara ambao damu yao ni ya bara na pwani kwa pamoja, na huko ukweni kwangu mkwe na mama mkwe wanakaa kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Mimi sikulelewa hivyo. Mama yangu mzazi na mume wangu hawakuwahi kutazamana usoni tangu tuoane mpaka mama anazikwa. Mume wangu akija Mungaa alikuwa anasimama nje ya ua, anakohoa, mama anatokea mlango wa nyuma na kwenda kwa jirani. Wakigongana njiani bila kutegemea, mmoja anaingia kwenye mtama wa watu. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na chumba chenye kitanda cha mama mkwe, mkwe hajui hata mlango wake umeelekea wapi. Na mama alimpenda mume wangu kuliko alivyotupenda sisi. Alikuwa anamtumia kuku, anamtumia asali, anamtumia salamu ndefu mpaka anayetumwa anazisahau njiani. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri zamu yangu. Nilitaka na mimi siku moja nikoholewe uani.

Basi natoka kwenye uwanja wa ndege wa Hermosillo, sijalala, miguu imevimba, namwona mwanangu na tumbo lake, na nyuma yake mwanamume mrefu anakuja kwangu mbio huku kafungua mikono yote miwili. Nilichofanya ni kuzunguka upande wa pili wa toroli la mizigo. Akazunguka na yeye, anacheka, anadhani tunataniana. Nikavuta kanga mpaka kidevuni. Binti akamshika shati. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana, mimi na mkwe wangu, na watu wanatutazama.

Nje palikuwa na joto ambalo sijawahi kukutana nalo, na mimi nimekulia kwenye mawe ya Singida. Ule upepo ulikuwa unatoka kwenye lami kama mtu kafungua tanuri la mkate. Lakini vilima vilinifurahisha. Ni vilima vya mawe matupu, vimekaa katikati ya mji, nyumba zimevizunguka, nikasema kumbe Mungu akichoka kubuni anarudia. Miti yao ni ya miiba kama yetu. Chapati zao ni pana na nyembamba, ukiinua moja unaona mtu wa upande wa pili. Wana nyama ya kukausha juani. Ningekuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine yoyote, ningeupenda mji ule bila wasiwasi.

Tatizo lilikuwa nyumba. Nyumba nzuri, safi, lakini vyumba viwili, na mlango wa kila chumba unafungukia sebuleni. Ukitaka choo, unapita sebuleni. Ukitaka maji ya kunywa, sebuleni. Na sebuleni ndipo mkwe wangu alipokuwa anakaa akitoka kazini, kavua viatu, kanyoosha miguu. Chumba changu alikuwa amekipaka rangi upya na kufunga kiyoyozi kipya kwa ajili yangu. Mwanangu alinionesha jinsi ya kukiwasha kwa kirimoti, akaniambia mumewe alikisumbukia sana. Niliguswa. Nikamwombea dua kimyakimya, mlango umefungwa.

Maisha yakawa hivyo. Nilijua mlio wa pikapu yake. Ikiingia tu, mimi naingia chumbani na sahani yangu. Asubuhi alikuwa anasimama nje ya mlango wangu anasema shikamoo mama, katamka vizuri kabisa, binti kamfundisha, nami najibu marahaba baba kutoka ndani. Moyo wangu ulikuwa unajaa. Niliona tunakwenda sawasawa kabisa. Mama yake, mkwe mwenzangu, mwanamke mnene mwenye sauti, alikuwa anakuja na vyungu vya maharage, ananikumbatia, ananibusu mashavu yote mawili, huyo sikuwa na neno naye. Yeye naye aliniuliza mara moja kwa ishara kwa nini sili mezani. Nikashika tumbo. Akanichemshia majani machungu sana, nikanywa.

Kisha wakanipeleka baharini. Binti alikuwa bado hajajifungua, akasema Mama, huwezi kuja mpaka huku usione bahari. Nikakubali, lakini nikamwambia mimi nitakaa nyuma ya pikapu, pale pa mizigo. Mwanangu akanitazama kama mtu aliyepoteza akili. Jua kali, barabara ya jangwani, mama mtu mzima juu ya mizigo. Tukabishana mpaka mumewe akatoka kuuliza kuna nini. Mwishowe nilikaa kiti cha nyuma, nyuma yake yeye dereva ili asinione hata kwenye kioo, na kanga nimejifunika. Kwa hiyo madungusi yale, mimea ya miiba ya jangwani, ambayo wenzangu wamesafiri dunia nzima kuyapiga picha, marefu kuliko nguzo za umeme, yamesimama na mikono juu, mimi niliyaona kwa jicho moja, tena kwa kuiba.

Bahari ilikuwa ya buluu na jangwa linaishia humohumo, mchanga kwa mchanga. Nilikaa chini ya turubai na binti. Nilianza kufurahi. Ndipo mkwe wangu alipotoka majini, kifua wazi, kaptula imemgandia, kabeba sahani ya kamba wa kuchoma waliowanunua kwa wavuvi, anakuja moja kwa moja kunipa mimi kwanza, mgeni, mama wa mkewe. Alikuwa anatabasamu. Nikainuka. Sikukusudia kukimbia, lakini miguu ilikwenda yenyewe, na kwenye mchanga huwezi kwenda haraka kwa adabu. Nilikimbia, kanga kichwani, dera limekamatwa mkononi, mbele ya familia za watu na watoto wao. Watoto wakacheka. Nilipogeuka nikiwa mbali, alikuwa bado amesimama na sahani yake. Kisha akaiweka mchangani na kurudi majini.

Kesho yake mkwe wangu hakupiga hodi kuniamkia. Nilikaa nyuma ya mlango na marahaba yangu mdomoni, nikasikia pikapu inaondoka.

Binti akaja kukaa kitandani kwangu. Nikamwuliza kulikoni. Akasema mumewe amemwambia kwamba mimi namwona uchafu, kwamba namchukia na ninashindwa tu kusema. Nikasema wewe si ungemweleza? Alikuwa amemweleza, tena siku ya kwanza, na tena jana. Amemwambia hii kwetu ni heshima. Naye akauliza, heshima gani inakimbia?

"Na amesema jambo jingine, Mama," binti akaniambia. "Amesema hawezi kumpeleka mtoto wake kwenye nyumba ambayo baba yake mtoto hatazamwi usoni."

Nilikasirika, sitaficha. Nilisema maneno. Nilisema huyo ni nani wa kunifundisha heshima, mtu anayekuja kwa mkwewe uchi, nikasema mengine ambayo binti aliyasikiliza huku anajishika mgongo. Kisha nikakumbuka mkono wa mume wangu ulivyonivuta, hasira ikaisha palepale ikabaki hofu. Lakini kubadilika sikubadilika. Nilijaribu. Jioni yake niliposikia pikapu nilijiambia leo nabaki sebuleni, namwitikia shikamoo yake uso kwa uso, basi. Mlango ulipofunguka nilikuwa nimeshafika chumbani, na sikumbuki nilivyopita.

Binti alijifungua kwa upasuaji. Hospitalini tuliwekwa kwenye ukumbi mmoja, mimi na mkwe wangu tu, viti vimetazamana. Niligeuza changu kikatazama ukuta. Nesi alipotoka kutangaza ni mtoto wa kike na mama yake mzima, nilisikia nyuma yangu mwanamume mzima analia peke yake, na mimi natazama ukuta. Ningekuwa na nafasi moja tu ya kurudi nyuma katika safari ile ningeichukua pale.

Tukarudi nyumbani na mtoto. Sasa nilikuwa na kazi na nikajificha ndani ya kazi hiyo. Namwogesha mtoto, napika uji, namkanda mwanangu, nafua. Yeye na mtoto walilala chumba chao, chenye ubaridi wake, hapo namshukuru Mungu. Asubuhi, ambayo Singida ni jioni, tulikuwa tunampigia babu. Anamtazama mjukuu kwenye simu, anatikisa vidole vya ule mkono mzima, anauliza neno moja, "Lini?" Nami namjibu karibuni, inshallah. Binti ananitazama. Mumewe alikuwa hajafuta kauli yake.

Ni katika siku hizo kiyoyozi cha chumbani kwangu kilipokufa. Kiliunguruma, kikatema maji, kikanyamaza. Nilibonyeza kirimoti mpaka kidole kikauma. Ona hali yangu hapo: niko nyumbani kwa fundi wa viyoyozi. Mtu ambaye mji mzima unampigia simu aje awaokoe na joto yuko hatua chache kutoka mlangoni kwangu, anakunywa kahawa. Ninachotakiwa ni kumwambia mwanangu maneno mawili. Lakini nikimwambia, atamwambia mumewe, na mumewe atakuja na ngazi yake na kuingia humu, na kiyoyozi chenyewe kimefungwa juu ya kichwa cha kitanda. Itabidi akipande. Apande kitanda cha mama mkwe. Niliwaza kutandua godoro, nikawaza kukivuta kitanda hadi katikati, lakini kitanda ni kitanda hata ukikiweka wapi. Nikaamua kunyamaza. Nilijiambia mimi ni mtoto wa Mungaa, joto ni nini.

Mtu anaweza kudanganya kuhusu joto kwa muda. Mlango wangu nilikuwa naufunga daima, kwa hiyo hakuna aliyejua. Mchana nilikuwa chumbani kwa binti, nikipumua. Lakini pikapu ikiingia, na siku za mwisho wa wiki alipokuwa hapo nyumbani kutwa, narudi kwangu, nafunga, nakaa sakafuni kwa sababu vigae vilikuwa na nafuu. Nilikuwa nalowesha kanga na kujitanda, inakauka kabla sijamaliza kusali. Binti akaniuliza mbona macho mekundu, nikasema namkumbuka baba yako. Ilikuwa kweli pia.

Kilichotokea Jumapili ile mwanzo wake naujua na mwisho wake naujua. Katikati nimesimuliwa. Najua nilikuwa nimekaa chini, nimevua ushungi, nimebaki na gauni la kulalia, nikaanza kuona baridi. Nilifurahi kwa ile baridi. Nilidhani kiyoyozi kimejirudi.

Mwanangu anasema aliniita nije nimchukue mtoto, sikuitika. Akaita tena. Hawezi kuinuka vizuri, mshono haujapona. Akamwita mumewe. Mumewe akasimama mlangoni kwangu, akapiga hodi, akasema shikamoo mama, ndiyo neno pekee alilokuwa nalo. Alilisema mara nyingi, binti anasema, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akausukuma mlango kwa bega.

Nilipopata fahamu nilikuwa sebuleni, sakafuni, na maji yananitiririka kifuani. Kichwa changu kilikuwa juu ya mapaja ya mkwe wangu. Nywele zangu wazi, mvi zote. Gauni limelowa. Alikuwa ananipepea kwa sinia la jikoni, na mkono wake mwingine umeshika shingo yangu, na uso wake uko juu ya uso wangu, hakuna pa kutazama ila hapo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumtazama usoni. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja na sikujua ana masikio makubwa.

Jamani, aibu. Kuna watu wanasema aibu kwa jambo lolote, chumvi imezidi wanasema aibu. Mimi nilifunga macho nikamwomba Mungu anichukue, na nilikuwa namaanisha. Kwetu hata kivuli cha mkwe hukikanyagi. Huyu alinitoa kwenye chumba cha kitanda changu kwa mikono yake miwili na kunibeba kifuani kama mtoto.

Mama yake alifika mbio, na daktari nyuma yake. Nikatiwa maji ya dripu nikiwa nimelazwa kochini. Mkwe mwenzangu alipoingia chumbani kwangu na kulikuta lile joto, alitoka akamgombeza mwanawe kwa sauti ambayo sikuhitaji mkalimani. Fundi wa viyoyozi, mgeni wake anakufa kwa joto nyumbani kwake. Majirani walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza. Mkwe wangu alichukua lawama zote, kichwa chini, hakujitetea. Nikaona kwamba nimemvua nguo na yeye mbele ya watu wake. Mpaka hapo nilidhani aibu ni yangu peke yangu.

Jioni watu walipoondoka nilimwambia binti aje akae karibu yangu na mtoto wake, na mumewe amwite akae kiti kile pale, mbele yangu. Nilijifunga ushungi vizuri. Uso niliuacha wazi. Alikaa ukingoni mwa kiti, anatazama sakafu, yaani sasa yeye ndiye alikuwa haniangalii. Akauliza jambo moja, na binti akanitafsiria: kwa nini hukusema kimeharibika?

"Kwa sababu kitanda changu kiko mle," nikamwambia.

Binti alitafsiri. Mkwe akasema, ungekufa. Nikasema ndiyo, ningekufa, na ningekuwa sijakosa adabu kwako. Nikamweleza habari za mama yangu na mume wangu, yote, kukohoa uani, kuku, asali, mtama wa watu. Nikamwambia sikuwahi kumchukia hata dakika moja. Nilikuwa nampa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo, na nilikuwa nampa mtu asiyejua kwamba anapewa. Nilikuwa nalia, na yeye alikuwa analia, na binti anatafsiri huku analia, mtoto tu ndiye alikuwa amelala. Kisha nikamwomba. Nilimwambia mzee wangu anataka kumshika mjukuu wake kabla mkono uliobaki haujalala na wenyewe.

Hakunijibu siku hiyo. Alisimama akaniomba ruhusa ya kuingia chumbani kutengeneza kiyoyozi. Nikampa. Nilikwenda kukaa uani kwenye ngazi ya nyuma mpaka amalize, maana kumwona anapanda kile kitanda, hapana, hilo lilinishinda.

Jibu alinipa siku ya kuondoka, uwanja wa ndege. Alisema watakuja, mtoto akimaliza chanjo zake. Hakunikumbatia. Aliweka mkono kifuani na kutazama pembeni.

Walikuja kweli. Kiangazi, upepo wa Singida ule wa kupeperusha mabati. Sasa habari zilikuwa zimefika Mungaa kwamba mkwe Mzungu anakuja, na dada zangu wakubwa wawili wakaja kumtazama, wakakaa kwenye mkeka chumbani kwangu pamoja na mashangazi wa huku mjini. Nasema chumbani kwangu kwa sababu mume wangu alikuwa hatoki tena kitandani, na wageni wote tulikuwa tunawapokelea humo. Dada zangu nilikuwa sijawaambia kitu. Kubebwa, maji, gauni la kulalia, hayo nilikuwa nimeyafungia. Nilijiapiza kwamba mkwe akifika nitatoka kumpokea kama mtu. Dada zangu walipoketi pale, na macho yao yale ya mama, kiapo chote kikaniishia, nikabaki nimekaa ukutani na kanga yangu.

Gari lilisimama. Binti aliingia na mtoto, akamlaza kifuani kwa babu yake. Mume wangu alimzungushia ule mkono mzima. Alimnusa kichwani, akawa anamnusa tu, machozi yanaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Mashangazi wakapiga vigelegele. Mimi nilishindwa hata kulia.

Kisha tukasikia mtu anakohoa nje.

Nilichungulia dirishani: mkwe wangu alikuwa amesimama nje ya geti, juani, kageuzia uso barabarani. Alikohoa tena. Hakuna hata mmoja wetu mle ndani aliyekuwa amemwambia asubiri nje. Binti alikuwa amemfundisha, au alikumbuka mwenyewe niliyomsimulia, sijui. Alikuwa anasubiri nitoke mlango wa nyuma niende kwa jirani. Dada yangu mkubwa akanigusa goti, akasema kwa Kinyaturu kwamba huyu kijana ana adabu, nimepata mkwe. Kitu nilichokisubiri maisha yangu yote kilikuwa kimefika getini kwangu, mbele ya mashahidi niliowataka.

Mume wangu akageuza macho. "Baba yake yuko wapi?"

Binti alinitazama mimi. Mzee akanitazama mimi. Alitaka kumwona kijana aliyekuwa anachekeana naye Ijumaa, na yeye kitandani hawezi kutoka, na kitanda chenyewe ni changu. Ningeweza kupita nyuma, niwaachie nafasi, kila kitu kikaenda kwa heshima, lakini kijana angeishia sebuleni na mzee asimwone. Mkwe wangu alikuwa amenifungulia njia hiyo mwenyewe.

Nilitoka mlango wa mbele. Alipoona nakuja akainamisha kichwa na kurudi nyuma hatua, kisha nyingine, mgongo ukagusa ukuta wa jirani. Nikamshika mkono. Akauvuta, kwa adabu, anatikisa kichwa, anasema shikamoo mama, shikamoo mama. Sikumwachia. Nilimpitisha uani, nikampitisha sebuleni, nikamwingiza chumbani. Dada zangu walijifunika nyuso. Mkubwa akainuka, akatoka, hakunitazama, na mpaka leo hajakanyaga kwangu. Viti vilikuwa vimejaa. Nikamkalisha kitandani, upande ninaolala mimi, karibu na mume wangu na mtoto, na mimi nikasimama palepale mbele ya watu, uso unawaka moto, sina pa kuuweka.